Baie Dankie: Kimalay Kiliingiaje Ndani ya Kiafrikaans?

Jamaa yangu mmoja alikwenda Cape Town kikazi, wiki tatu tu, akarudi na nadharia. Alitembezwa Bo-Kaap, ule mtaa wa mlimani wenye nyumba za rangi kali, akaambiwa wenyeji wake ni "Wamalay wa Rasi". Akawasikia wakiongea, hakuambulia kitu. Alipouliza ni lugha gani, akajibiwa: Kiafrikaans. Hesabu yake ikawa fupi. Wamalay wanaongea Kiafrikaans. Basi Kiafrikaans ni Kimalay, au walau ni mtoto wake. Mwingine pale barazani akamrukia: we bwana, hicho ni Kikaburu, lugha ya Wazungu, Wamalay wanaingiaje hapo? Wa tatu, ambaye hakosi la kusema, akatangaza kuwa lugha yenye jina la Afrika haiwezi kuwa ya mtu mwingine ila Mwafrika.

Kahawa ilipoa wakibishana. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha kweli, ila amekishika kichwa chini miguu juu. Na kwa kuwa ubishi huu huu nimeshaukuta mara kadhaa, kila inapotajwa Afrika Kusini na lugha zake, nimeona niuandikie.

Tuanze na majina. Kiafrikaans ni lugha iliyochipuka kutoka kwenye Kiholanzi. Mbegu yake ilipandwa Aprili 1652, Jan van Riebeeck alipotia nanga Rasi ya Tumaini Jema kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki, akajenga kituo cha kuzipatia merikebu maji, mboga na nyama zikiwa njiani kwenda Asia. Leo inazungumzwa Afrika Kusini na Namibia. Watu karibu milioni 7 wanaitumia kama lugha ya kwanza, na katika sensa ya Afrika Kusini ya 2022 ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumbani kwa asilimia 10.6 ya watu, nafasi ya tatu nyuma ya Kizulu na Kixhosa.

Kimalay ni lugha ya Asia ya Kusini-Mashariki. Maandishi yake ya kale kabisa yanayojulikana yamechongwa kwenye mawe huko Sumatra, karne ya 7. Ndiyo lugha ya taifa ya Malaysia, Brunei na Singapore, na Waindonesia wana sura yake wanayoiita Kiindonesia, ambayo vijana waliokutana Oktoba 1928 waliitangaza kuwa lugha ya umoja. Mtu wa Kuala Lumpur na mtu wa Jakarta wanaelewana huku kila mmoja akiyacheka maneno ya mwenzake, kama wanavyochekana mtu wa Mombasa na mtu wa Dodoma.

Umbali kati ya lugha hizi mbili ni bahari nzima ya Hindi. Umbali wa nasaba ni mkubwa zaidi. Kiafrikaans kimo katika ukoo wa Kihindi-Kiulaya, pamoja na Kiholanzi, Kijerumani, Kiingereza, na kwa mbali Kiajemi na Kihindi. Kimalay kimo katika ukoo wa Kiaustronesia, ambao umetanda kuanzia Taiwan, Ufilipino na Indonesia, ukavuka Pasifiki hadi Hawaii, na upande wa pili ukafika Madagascar. Ukitaka ndugu wa damu wa Kimalay aliye karibu na sisi, usiende Cape Town. Panda boti uvuke mlango wa Msumbiji. Mmalagasi akisema mbingu husema *lanitra*, Mmalay husema *langit*. Mwezi kwa Mmalagasi ni *volana*, kwa Mmalay ni *bulan*. Jiwe ni *vato* na *batu*. Huo ndio undugu.

Sasa mtu atauliza: kama si ndugu, mbona Kiafrikaans kina maneno ya Kimalay? Sisi ndio wa mwisho kuwa na haki ya kuuliza swali hilo. Tumeambiwa miaka na miaka kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochuja, kwa sababu tuna kitabu, karatasi, wakati, sita, saba na tisa. Na jibu tunalijua: tazama ngeli, tazama jinsi kitenzi kinavyojengwa, utaona Kibantu kitupu. Jirani akikuazima sufuria, na chumvi, na hata kanzu ya kuendea harusini, hajawa baba yako. Lugha nazo ni hivyo hivyo. Maneno huazimwa. Mifupa ya lugha, yaani sarufi yake, hesabu zake za chini na viwakilishi vyake, ndiyo inayoonyesha ukoo.

Jaribu mwenyewe. "Mimi ninakunywa maji": Mholanzi husema *Ik drink water*. Kwa Kiafrikaans ni *Ek drink water*. Mmalay husema *Saya minum air*. Hesabu moja hadi tano: Kiafrikaans *een, twee, drie, vier, vyf*, Kimalay *satu, dua, tiga, empat, lima*. Inakadiriwa kwamba maneno ya Kiafrikaans yenye asili ya Kiholanzi ni kati ya asilimia 90 na 95, na Mholanzi akilisoma gazeti la Kiafrikaans hulielewa kwa sehemu kubwa bila mwalimu. Mmalay akilisoma hataelewa chochote, isipokuwa neno moja moja litakalomfanya akune kichwa.

Na hayo maneno moja moja ndiyo hadithi yenyewe.

Neno la kila siku

Chukua shukrani ambayo kila mgeni Afrika Kusini hujifunza siku ya kwanza: *baie dankie*, asante sana. *Dankie* ni Kiholanzi, halina siri. *Baie*, yaani "sana" au "nyingi", halimo katika Kiholanzi cha Uholanzi, ambako watasema *veel* au *heel*. Limetoka kwenye Kimalay *banyak*, nyingi. Huyu si mgeni aliyeingia jikoni tu kama jina la kitoweo. Ni neno ambalo mzungumzaji wa Kiafrikaans, awe mkulima Mzungu wa Free State au dereva wa Windhoek, hulitumia mara kadhaa kwa siku. Sisi tumeazima "asante" kwa Waarabu, wao wakaazima "sana" kwa Wamalay. Kila mtu na anachopungukiwa.

Yapo mengine. Ndizi ni *piesang*, kutoka *pisang*, wakati Mholanzi husema *banaan*. Koti ni *baadjie*, kutoka *baju*, ambalo kwa Wamalay ni vazi kwa jumla. Kupigana ni *baklei*, kutoka *berkelahi*. Kisahani cha kuwekea kikombe cha chai ni *piering*, kutoka *piring*, sahani. Nyama ya kuchoma kwenye vijiti, mishikaki yetu, ni *sosatie*, na ndani yake bado unaisikia *sate*. Achari ni *atjar*, kutoka *acar*, na hapo neno la Kiajemi limetembea hadi kwa Wamalay, hadi Rasi, na kwa njia nyingine hadi kwetu. Chapa ni *tjap*, kwa Kimalay *cap*, na asili yake ni Bara Hindi kama ilivyo asili ya "chapa" yetu.

Maneno yakisafiri hubadili mizigo njiani. *Belacan* ya Wamalay ni kamba waliosagwa wakachachushwa, kitu chenye harufu ya kumwamsha aliyezimia. Lilipofika Rasi likawa *blatjang*, na leo ukiagiza *blatjang* Cape Town unaletewa kitu kama chatine ya matunda, tamu yenye ukali kidogo, ya kupaka kando ya nyama. Kamba hayumo kabisa. *Pondok* nalo lina safari ya kuchekesha: Waarabu wana *funduq*, nyumba ya wageni, Wamalay wakalifanya kibanda, na pia chuo cha bweni cha dini, Waafrika Kusini wakalichukua *pondok* kwa maana ya kibanda kibovu. Kutoka hoteli hadi kibanda cha mabati.

Kuna jambo moja la tahajia linalowapoteza watu. Wakiona *atjar* na *tjap* wanadhani hiyo ni sura ya Kiafrikaans tu. Hapana. Waindonesia wenyewe, kwa kuwa walitawaliwa na Waholanzi, waliandika sauti ya "ch" kwa *tj* hadi mageuzi ya tahajia ya 1972, na "u" waliiandika *oe* hadi 1947; ndiyo maana jina la rais wao wa kwanza utaliona mahali pengine Soekarno, pengine Sukarno. Ukiisoma barua ya zamani kutoka Java kando ya menyu ya Cape Town, macho yatakudanganya kuwa ni lugha moja. Ni kalamu moja ya Kiholanzi iliyoandika lugha mbili.

Nani aliyaleta

Kampuni ile ile iliyoweka kituo Rasi ilikuwa imeshajenga makao yake makuu ya Asia huko Batavia, Jakarta ya leo, tangu 1619. Merikebu zake zilikwenda na kurudi, na zilibeba watu waliouzwa. Kati ya 1652 na 1808 watumwa wapatao 63,000 waliletwa Rasi. Hapa watu wengi hushangaa: hawakutoka Asia ya Kusini-Mashariki peke yake. Kwa makadirio ya wanahistoria, waligawanyika karibu robo kwa robo: visiwa vya Indonesia, Bara Hindi na Ceylon, Madagascar, na Afrika yenyewe, hasa Msumbiji na pwani yetu hii ya mashariki. Kwa hiyo ndani ya huyo anayeitwa "Mmalay wa Rasi" anaweza kuwamo Mbengali, Mmalagasi, na Mmakua.

Jina "Malay" basi limetoka wapi? Limetoka kwenye lugha. Kimalay kilikuwa katika Bahari ya Hindi ya mashariki kile ambacho Kiswahili kilikuwa kwenye njia za misafara ya bara: lugha ya soko, ya bandari, ya madrasa. Waliokuja Rasi kutoka Bali, Java, Makassar na Ternate walikuwa na lugha zao za mama, na wakikutana walizungumza Kimalay, na wengine Kireno cha mabaharia. Msikilizaji wa nje akasikia Kimalay akawaita wote Wamalay. Ni sawasawa na Mkamba na Mnyamwezi kwenda ughaibuni wakaitwa "Waswahili" kwa sababu ndivyo wanavyosalimiana. Na nchi ya Malaysia haihusiki; jina hilo la nchi limeanza 1963.

Angalia watu wawili mashuhuri wa historia hiyo. Sheikh Yusuf alitoka Makassar. Waholanzi walimhamishia Rasi 1694 kwa kuwa alikuwa amepigana nao, akafia huko 1699, na kaburi lake hadi leo linazuriwa. Lugha ya nyumbani kwao ni Kimakassar. Wa pili ni Imam Abdullah, maarufu kama Tuan Guru, mwanachuoni kutoka Tidore, aliyeletwa 1780 akiwa mfungwa akafungwa Robben Island, karne mbili kabla ya kisiwa hicho kupata umaarufu wake mwingine. Anakumbukwa kwa kuiandika Kurani kwa kichwa. Baada ya kuachiwa alifungua madrasa, na jina lake linaambatana na Masjid Auwal wa mtaa wa Dorp, msikiti wa kwanza wa nchi ile. Vitabu vyake aliviandika kwa Kiarabu na Kimalay. Lakini lugha ya Tidore haimo hata kwenye ukoo wa Kiaustronesia! "Mmalay" mkubwa kuliko wote wa Cape Town huenda Kimalay kwake kilikuwa lugha ya kujifunza, kama Kiswahili kwa mwalimu wa kutoka Kigoma.

Mkopo wa upande wa pili

Hapa ndipo watafuta mifanano hujikwaa. Mtu huchukua kamusi ya Kiindonesia na ya Kiafrikaans, akakuta ofisi ni *kantor* na *kantoor*, taulo ni *handuk* na *handdoek*, chumba ni *kamar* na *kamer*, karoti ni *wortel* kote kote, breki ni *rem* kote kote. Anapiga kelele: si nilisema!

Tulia. Maneno hayo yote ni ya Kiholanzi. Waholanzi waliitawala Indonesia hadi ilipojitangazia uhuru 1945, na wakaacha maneno yao ofisini, gereji na bafuni. Ushahidi ni huu: vuka uende Malaysia, ambako mtawala alikuwa Mwingereza, ukute ofisi ni *pejabat*, chumba ni *bilik*, karoti ni *lobak merah*, na breki ni *brek*, ndugu wa "breki" yetu. Lugha ni ile ile ya Kimalay, ila alama za mtawala ni tofauti. Kwa hiyo *piesang* ni Kimalay ndani ya Kiafrikaans, *handuk* ni Kiholanzi ndani ya Kimalay, na anayezichanganya mbili hizi hawezi kujua mkopo ulikwenda upande gani.

Sisi pia tusijione tuko nje ya mtego. Mswahili akifungua gazeti la Kuala Lumpur atakutana na *dunia*, *waktu*, *kertas*, na akisalimiwa ataulizwa *apa khabar*, habari gani. Ataona *bendera*, ambayo ni bendera, herufi kwa herufi, na *meja*, ambayo ni meza. Si udugu. Haya ya mwanzo sote tumeyachukua kwa Waarabu, na hayo mawili ya mwisho kwa Wareno, waliopita Mombasa na Malaka wakiwa na mizinga ile ile. Tumechota kisima kimoja. Na kuna mengine ni bahati nasibu tupu: *kuku* kwa Kimalay ni kucha, na *pipi* ni shavu. Usimwambie mama wa Kimalay kwamba unataka kula kuku na kumpa mtoto pipi kabla hujaeleza vizuri.

Mifupa yenyewe

Tukija kwenye sarufi, nitasema kitu ambacho wengine watakikataa: Mswahili atajisikia nyumbani zaidi kwenye Kimalay kuliko kwenye Kiafrikaans, ingawa hana undugu na hata kimoja.

Kwa Kimalay sifa hufuata jina. *Rumah besar*, nyumba kubwa. *Rumah saya*, nyumba yangu. Kiafrikaans kinageuza: *die groot huis*, *my huis*. Kimalay kina *dia* kwa mwanamume na mwanamke, kama "yeye" yetu. Kiafrikaans kinatenga *hy* na *sy*, na hapo ndipo wengi wetu huanza kumwita mama wa watu "bwana". Kukanusha ndiko kunakofurahisha zaidi. Sisi tuna "si" kwa majina (mimi si mwalimu), "ha-" na "si-" kwa vitenzi (siendi), na "usi-" kwa katazo (usiende). Wamalay wana *bukan* kwa majina (*saya bukan guru*), *tidak* kwa vitenzi (*saya tidak pergi*) na *jangan* kwa katazo (*jangan pergi*). Vyumba vitatu, funguo tatu, karibu sawasawa na zetu. Kisha utengenezaji wa maneno: kutoka *ajar* unapata *mengajar*, kufundisha, *belajar*, kujifunza, *pelajar*, mwanafunzi, *pelajaran*, somo. Aliyekulia kwenye soma, msomaji, somo, someshwa hatatishika.

Kuna kitu Kimalay kinacho ambacho sisi hatuna na ningetamani tungekuwa nacho: "sisi" mbili. *Kita* ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia. *Kami* ni sisi, wewe haumo. Hebu fikiria mikutano ya harusi ingekuwa mifupi kiasi gani. "*Kita* tutachangia" au "*kami* tutachangia", hakuna wa kujifanya hakuelewa.

Kiafrikaans nacho kina sifa yake, ambayo ni wepesi. Kiholanzi kina vineno viwili vya kutangulia jina, *de* na *het*, kama *the* ya Kiingereza. Kiafrikaans kimebaki na kimoja, *die*. Vitenzi havibadiliki kwa mtendaji: *ek is, jy is, hy is, ons is, hulle is*. Ukijua kimoja umejua vyote. Kimalay pia hakibadilishi kitenzi kwa mtendaji, na wakati uliopita hukionyesha kwa neno la pembeni kama *sudah*. Je, wepesi wa Kiafrikaans umetoka kwa Wamalay? Baadhi ya wanaisimu wanaona mkono wa watumwa na wa Wakhoikhoi (wenyeji wa asili wa Rasi), watu wazima waliolazimika kujifunza Kiholanzi bila shule, wakang'oa matawi yaliyowasumbua. Wengine wanasema lahaja za mabaharia wa Kiholanzi zilishaanza kupukutika zenyewe. Mimi naegemea upande wa kwanza: lugha iliyopita vinywani mwa watu wa namna hiyo haiwezi kutoka kama ilivyoingia. Lakini kuathiriwa na Wamalay katika kujifunza si sawa na kuzaliwa na Kimalay.

Ule ukanushi wa mara mbili, *ek het nie geld nie*, sina pesa, ambao mgeni huusikia kama mtu anayekataa deni mara mbili, hauna mfano wake katika Kimalay. Hapo wanaoshukiwa ni Wakhoikhoi na lahaja za Kiholanzi zenyewe, na kesi haijafungwa.

Takriri je? Wamalay hurudia neno kupata wingi: *orang* mtu, *orang-orang* watu. Kwa taratibu, Kiindonesia husema *pelan-pelan*, ambayo kwa sikio letu ni kama "polepole" iliyopata mafua. Kiafrikaans kina *gou-gou*, upesi upesi; *twee-twee*, wawili wawili; *speel-speel*, mchezo mchezo, yaani bila kutoka jasho. Mholanzi wa Amsterdam hasemi hivyo kwa uhuru huo. Wapo wanaoona hapa alama ya Kimalay, wapo wanaosema Wakhoikhoi nao walirudia maneno, na inawezekana kabisa wote wawili walisukuma mlango mmoja. Wakhoikhoi, kwa njia, wameacha pia *abba*, kumbeba mtoto mgongoni. Wazungu wa Uholanzi hawakuwa na neno hilo kwa kuwa hawakuwa na mgongo wa kazi hiyo.

Kikaburu kilichoandikwa kwa alifu na be

Sasa turudi kwa yule wa pili barazani, wa "Kikaburu". Simlaumu. Neno letu "kaburu" lenyewe limetoka kwenye *boer*, mkulima, na tulilijua kutokana na ubaguzi wa rangi. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusomeshwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Doa hilo halifutiki.

Lakini lugha ni kuu kuliko serikali yake. Katika sensa ya 2011, wengi wa wenye Kiafrikaans kama lugha ya kwanza hawakuwa Wazungu. Karibu nusu walikuwa watu wa asili ya mchanganyiko, wanaojiita wenyewe *bruin mense*, watu wa rangi ya kahawia. Na muda mrefu kabla Wazungu wa Paarl hawajaunda chama chao cha kukipigania Kiafrikaans mwaka 1875, wakati matajiri wao wengi wakikiona kama Kiholanzi cha jikoni, watoto wa madrasa za Bo-Kaap walikuwa wakikiandika. Wakikiandika kwa herufi za Kiarabu.

Msomaji wa pwani ataona hapa kitu anachokijua. Kama mashairi yetu ya Lamu na Pate yalivyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ndivyo walivyofanya wao. Kimalay kilipoanza kufifia madrasani katika karne ya 19, masheikh walihitaji kuwafundisha watoto udhu na sala kwa lugha wanayoielewa, na lugha hiyo ilikuwa Kiafrikaans. Kwa sauti ya "ng'", ambayo Kiarabu hakina, walitumia *ain* iliyowekewa nukta tatu juu, kama waandishi wa Kimalay walivyokuwa wamefanya katika hati yao ya Jawi. Mwanachuoni Abu Bakr Effendi, aliyetumwa na dola ya Uthmaniya katika miaka ya 1860, alijifunza lugha ya mtaani akaandika kitabu cha fikihi, *Bayan al-Din*, kikachapwa Istanbul mwaka 1877. Kiafrikaans, kwa herufi za Kiarabu, Istanbul. Biblia nzima ya Kiafrikaans ilikuja 1933, na sheria ya kukiingiza kwenye lugha rasmi ilikuwa ya 1925.

Wenyewe hawakuisahau kabisa sehemu hiyo. Mnara wa lugha uliofunguliwa Paarl 1975, katikati ya ubaguzi, una nguzo za Ulaya na maumbo ya Afrika, na penye ngazi kuna ukuta uliowekwa kwa ajili ya Kimalay. Ukuta mdogo kuliko deni, kwa maoni yangu.

Kabla sijamaliza, kuna kitendawili nilichowapa wale wa barazani. Jina kwa Kiafrikaans ni *naam*, kwa Kimalay ni *nama*. Mbili kwa Kiafrikaans ni *twee*, kwa Kimalay ni *dua*. Je, ni mkopo, undugu au bahati? Wakajibu haraka: yote bahati, ulishatuambia hawana udugu. Nusu sawa. *Dua* ni Kimalay cha asili, na kufanana kwake na *twee* ni bahati tu. *Nama* si bahati. Wamalay waliliazima kutoka Kisanskriti, lugha ya Bara Hindi, na Kisanskriti kiko ukoo mmoja na Kiholanzi. Kwa hiyo *nama* na *naam* ni ndugu wa kweli waliopotezana maelfu ya miaka, wakakutana tena Cape Town wakiwa wamefikia kwenye nyumba tofauti.

Yule jamaa yangu alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu. Alikuwa ameandika maneno aliyoyasikia kwa mzee mmoja wa Bo-Kaap siku ya kwanza, kwa tahajia ya kubahatisha, ili akija aulize. La kwanza *labarang*. La pili *tramakasi*. La tatu *kanalla*. Hakuna lililo Kiholanzi. *Labarang* ni Idi, *lebaran* ya Waindonesia. *Tramakasie* ni *terima kasih*, asante. Na *kanalla*, wanalolitumia kwa "tafadhali" na pia kwa kazi ya kusaidiana isiyolipwa, ni *karena Allah*: kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

"Kumbe Kimalay nilikisikia," akasema.

Alikisikia. Maneno matatu katika wiki tatu, na yote aliambiwa na mtu aliyekuwa akiongea Kiafrikaans.